Senti Tisa kwa Kitabu: Maswali Yenu Kuhusu L. M. Montgomery

Toleo lililopita tuliwaomba maswali kuhusu mwandishi wa Anne of Green Gables, riwaya ya binti yatima mwenye nywele nyekundu aliyepelekwa kimakosa kwa kaka na dada wazee waliotaka mvulana wa kusaidia shambani. Barua zimekuja nyingi. Zilizofanana tumeziunganisha, na pale swali lilipotosheka na jibu fupi hatukulirefusha.

SWALI: Jalada linasema L. M. Montgomery tu. Rafiki yangu anashikilia kwamba ni mwanamume, mimi nasema ni mwanamke. Tuamulieni. (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Umeshinda. Ni Lucy Maud Montgomery, na waliomfahamu walimwita Maud, bila "e" mwishoni. Kwa hilo alikuwa mkali, jambo linalochekesha ukikumbuka jinsi Anne wake anavyoipigania "e" ya jina lake.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika kijiji cha Clifton, ambacho siku hizi kinaitwa New London, kwenye Kisiwa cha Prince Edward, mashariki mwa Kanada. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Maud akiwa na miezi 21. Baba yake, Hugh John, alihamia mbali magharibi, Prince Albert, akaoa tena huko. Mtoto alibaki Cavendish kwa babu na bibi mzaa mama, Alexander na Lucy Macneill. Hakuwa yatima kamili kama Anne, ila alijua maana ya kulelewa na wazee wasiojua kubembeleza.

Alisomea ualimu katika Prince of Wales College, Charlottetown, mwaka 1893 hadi 1894, akamaliza kozi ya miaka miwili kwa mwaka mmoja. Alifundisha shule tatu, Bideford, Belmont na Lower Bedeque, na katikati yake akasoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax. Babu alipofariki mwaka 1898 alirudi Cavendish kukaa na bibi yake. Isipokuwa miezi michache ya kazi ya gazeti huko Halifax, alikaa naye hadi bibi naye alipofariki mwaka 1911. Julai ya mwaka huohuo aliolewa na Ewan Macdonald, mchungaji wa Kipresbiteri, wakahamia Leaskdale, Ontario. Hapa wengi huteleza: katika vitabu vyote vya Anne, viwili vya kwanza tu ndivyo vilivyoandikwa kisiwani. Vilivyobaki viliandikwa Ontario, na mke wa mchungaji, kati ya kikao cha akina mama wa kanisa na kingine.

SWALI: Nilianza na Anne of Windy Poplars kwa kuwa ndicho nilichokipata, nikapotea kabisa. Vitabu hivi vinafuatana vipi? Na mbona kuna kingine kinaitwa Anne of Windy Willows? (Mama wa mabinti wawili)

JIBU: Kosa si lako, mama. Mwandishi hakuviandika kwa kufuata umri wa Anne. Aliufunga mfululizo mwaka 1921, kisha katika miaka ya 1930 akarudi nyuma kuziba mapengo mawili. Ukifuata umri wa Anne, mpangilio ni huu: Anne of Green Gables (1908), Anne of Avonlea (1909), Anne of the Island (1915), Anne of Windy Poplars (1936), Anne's House of Dreams (1917), Anne of Ingleside (1939), Rainbow Valley (1919) na Rilla of Ingleside (1921). Tazama miaka kwenye mabano nawe utaona mruko ulipo.

Machapa mengi ya leo huandika namba 1 hadi 8 mgongoni kwa mpangilio huo wa umri. Sisi tunashauri vingine: soma kwanza vile sita vya 1908 hadi 1921, halafu ndipo urudi kwenye viwili vya baadaye. Sababu ni mbili. Windy Poplars sehemu kubwa ni barua za Anne kwa mchumba wake, na ukiisoma kama kitabu cha nne inakukwamisha palepale unapotaka kujua ndoa itakuwaje. Ya pili ni nzito zaidi. Ingleside iliandikwa baada ya wasomaji kuujua mwisho wa Rilla kwa miaka 18, kwa hiyo inadokeza waziwazi msiba ambao Rilla ndiyo inayopaswa kuufunua. Atakayefuata namba za mgongoni atakuwa amechungulia.

Windy Willows na Windy Poplars ni kitabu kimoja. Mchapishaji wa Marekani aliona jina la mierebi litachanganywa na kitabu maarufu cha Kiingereza, akataka libadilishwe, Uingereza wakabaki nalo. Toleo la Uingereza lina vipande ambavyo vilikatwa Marekani, kwa hiyo ukiwa na uchaguzi, chukua hilo.

Kuhusu matoleo yaliyopunguzwa kimyakimya, kipimo chepesi ni kuhesabu sura. Anne of Green Gables kamili ina sura 38. Zikipungua, umeuziwa muhtasari hata kama jalada halisemi. Rilla ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu machapa yaliyotokana na toleo la 1976 yalipoteza maneno yapatayo 4,500 yaliyochomolewa hapa na pale. Matini kamili ilirudishwa mwaka 2010 na wahariri wa Kanada, kwa hiyo soma ukurasa wa taarifa za uchapaji kabla ya kulipa.

Kwa watakaowasomea watoto sura moja kila usiku, ni wiki tano na ushee. Sura ya 37 ina kifo. Isomeni nyinyi kwanza, na msiianze saa ya kulala.

SWALI: Nimesikia kwamba kitabu kiliuzwa dunia nzima lakini mwandishi alidhulumiwa. Ni kweli, au ndiyo hadithi tunazopenda kusimulia kuhusu wasanii? (Mwandishi chipukizi)

JIBU: Ni kweli, na kwa kuwa unaandika, tutakupa hesabu yenyewe.

Mchapishaji wa kwanza alikuwa L. C. Page wa Boston, aliyeukubali muswada Aprili 1907 na kutoa kitabu Juni 1908. Kiliuzwa dola 1.50. Mkataba ulimpa mwandishi mrabaha wa asilimia 10, na kwa sikio la haraka hiyo ni senti 15. Lakini kifungu kilisema asilimia 10 ya bei ya jumla, si ya rejareja. Bei ya jumla ilikuwa senti 90. Kwa hiyo kila Anne aliyetoka dukani alimletea Maud senti 9.

Hundi ya kwanza, Februari 1909, ilikuwa ya dola 1,730. Gawanya kwa senti 9 upate nakala zaidi ya 19,000 katika miezi mitano ya mwanzo. Kwa senti 15, nakala hizohizo zingempa karibu dola 2,880. Hata hivyo usifikiri alilia. Miaka michache nyuma, gazeti la Halifax lilikuwa likimlipa dola 5 kwa wiki, kwa hiyo hundi ile ilikuwa mshahara wa zaidi ya miaka sita. Ndiyo maana mkataba mbaya unaweza kuonekana mzuri siku unapofika: unaulinganisha na njaa ya jana badala ya kuulinganisha na haki yako.

Kidonda chenyewe kilikuwa kifungu kingine. Kilimlazimu kumpa Page vitabu vyake vyote vya miaka mitano kwa masharti yaleyale, na kila mkataba mpya ulikuja na kifungo chake. Yaani mafanikio ya Anne hayakumpa nguvu ya kudai zaidi. Alifungwa bei kabla ya kujua thamani yake. Alipokataa kifungo hicho alihamia kwa McClelland wa Toronto na Stokes wa New York, mwaka 1916, na Page naye akaanza kumkata mrabaha wa vitabu vya zamani. Mwaka 1917 Maud alimshtaki, na mwanzoni mwa 1919 wakamalizana kwa yeye kumuuzia Page haki zote za vitabu saba vya mwanzo kwa takriban dola 18,000. Mwaka huohuo ikatoka filamu isiyo na sauti ya Anne of Green Gables. Mwandishi hakupata hata senti, kwa kuwa haki za filamu zilikuwa zimekwenda pamoja na nyingine.

Bado. Page alikuwa na hadithi fupi alizoziacha nje ya mkusanyo wa 1912, Chronicles of Avonlea. Mwaka 1920 alizitoa kama Further Chronicles of Avonlea, akitumia matini za zamani badala ya zile alizozisahihisha Maud, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshavihamishia baadhi ya vifungu vyake kwenye vitabu vingine. Juu ya jalada akaweka picha ya msichana mwenye nywele nyekundu, ingawa walikubaliana kwamba kitabu kisiuzwe kana kwamba ni cha Anne. Maud akaenda mahakamani tena. Kesi ilifika 1928 ndipo akashinda, na njiani watu wazima wenye shahada za sheria walibishana kama nywele za kwenye picha ni nyekundu au la.

Kwako wewe: mrabaha ukitajwa, uliza ni asilimia ya nini. Kifungu cha kitabu kijacho kikiwemo, kiondoe, au angalau kiseme kwamba masharti yatajadiliwa upya. Na filamu, tamthilia na tafsiri ziuzwe kila moja peke yake, kwa muda maalumu. Maud hakuwa mjinga. Alikuwa na miaka 32, hana wakala, yuko kijijini, na alikuwa ameshakataliwa mara nne.

SWALI: Aliandikaje? Nasoma kwamba Anne ilimjia ghafla kama ndoto. (Bila jina)

JIBU: Haikumjia ghafla. Ilitoka kwenye daftari. Alikuwa na tabia ya kuandika vipande vya mawazo, majina, na visa alivyosikia, kisha kuvipitia alipotafuta kitu cha kuandika. Alipokuwa akitafuta hadithi ya mfululizo kwa gazeti la shule ya Jumapili, alikutana na mistari miwili ya zamani: wazee wanaomba mvulana kutoka kituo cha yatima, kwa makosa wanaletewa msichana. Akaanza, yatima akamzidi nguvu, hadithi ya gazeti ikawa riwaya.

Aliandika jioni, baada ya kazi za nyumbani, mara nyingi dirishani katika chumba chake cha juu. Kabla ya hapo, alipokuwa mwalimu, aliamka saa kumi na mbili asubuhi katikati ya baridi kali, moto haujawashwa, akavaa koti zito na kukalia miguu yake isigande, akaandika kabla ya kwenda shuleni. Wakati Anne inaanza, mkono wake ulikuwa umeshazoea kazi kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hadithi fupi na mashairi yaliyouzwa kwa majarida. Idadi yake ya maisha ni takriban hadithi fupi 500 na mashairi 500, ukiacha riwaya 20.

Muswada wa Anne umehifadhiwa Charlottetown, na ndio darasa bora. Sehemu yake imeandikwa nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, kwa kuwa karatasi ilikuwa gharama. Alipotaka kuongeza jambo hakubana maneno pembezoni. Aliweka alama ya herufi na namba mahali pale, kisha akaandika nyongeza yenyewe kwenye kurasa za mwisho chini ya alama hiyohiyo. Ukizisoma nyongeza utaona kwamba nyingi zinaongeza maneno mdomoni mwa Anne au rangi kwenye mandhari. Mfupa wa kisa uliandikwa moja kwa moja, ucheshi na maua vikaja baadaye. Njia hii inafaa hata leo: rasimu isonge mbele, nyongeza zikae kando na namba zake, na siku ya kunakili ndipo uamue ipi inaingia.

Aliinakili kwa taipureta ya mtumba ambayo herufi kubwa haikuzitoa vizuri na "w" haikuitoa kabisa. Wachapishaji wanne waliikataa, akaitia kwenye boksi la kofia na kuiacha. Baadaye aliikuta akitafuta kitu kingine, akaisoma, akaona haikuwa mbaya kiasi hicho, akaipeleka kwa wa tano.

Jambo moja husahaulika. Posta ya Cavendish ilikuwa nyumbani kwa babu na bibi yake. Bahasha zilitoka na kurudi bila jirani yeyote kujua. Mwenyewe aliandika kwamba bila faragha hiyo pengine asingethubutu kutuma na kutuma tena.

SWALI: Nataka kutafsiri Anne of Green Gables kwa Kiswahili. Nahitaji ruhusa ya nani? Na mnaona vikwazo gani vya lugha? (Mwalimu wa Kiswahili)

JIBU: Mwalimu, la ruhusa ni jepesi kuliko unavyodhani. Mwandishi alifariki 24 Aprili 1942. Nchi zinazohesabu miaka 50 baada ya kifo, kama Kanada ilivyokuwa ikifanya, ziliziachia kazi alizochapisha hai tarehe 1 Januari 1993. Zinazohesabu miaka 70, kama Uingereza, ziliachia 1 Januari 2013. Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa vitabu vya enzi hiyo, kwa hiyo Anne ya 1908 iko huru zamani, lakini Windy Poplars ya 1936 inasubiri hadi 2032. Matini ya Kiingereza ya kitabu cha kwanza iko kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, namba 45.

Mitego ni mitatu. Michoro na dibaji za matoleo mapya zina hakimiliki zake, usizinakili. Shajara zake, zilizochapishwa kuanzia 1985, haziko huru. Na jina na sura ya Anne kwenye bidhaa ni alama za biashara, zinazosimamiwa tangu 1994 na chombo cha pamoja cha warithi na serikali ya jimbo la Prince Edward Island. Kutafsiri riwaya ni kitu kimoja. Ukitaka kuuza wanasesere na fulana za Anne kando ya kitabu, hapo utahitaji leseni.

Sasa lugha. Kikwazo cha kwanza kiko mlangoni: sentensi ya kwanza ya riwaya ina maneno karibu 150, inatiririka pamoja na kijito inachokisimulia, kikali huko msituni na kipole kinapopita mbele ya nyumba ya jirani, Bi. Rachel Lynde. Ukiikata vipande sita, umeua mzaha. Kiswahili kinaweza kuibeba kwa "ki" na "ka" za masimulizi: kikashuka, kikapinda, kikapoa. Ijaribu kwa sauti kabla ya kuikata.

Cha pili ni "yeye". Kisa chote kimejengwa juu ya mvulana aliyegeuka msichana, na Kiingereza kinalitangaza hilo kwa kiwakilishi tu. Kwetu "mtoto ameshafika" haisemi kitu. Kila mahali ambapo Matthew na Marilla, wale kaka na dada wazee, wanamzungumzia wanayemtarajia, andika "mvulana" au "kijana wa kiume" hata kama Kiingereza hakijataja, la sivyo pale stesheni hapatakuwa na mshangao. Na "asylum" anakotoka Anne ni kituo cha yatima. Kamusi itakupeleka kwa wakimbizi au kwa wagonjwa wa akili, usiifuate.

Cha tatu ndicho kitamu. Anne anauliza amwite Marilla nani, anapendekeza Shangazi Marilla, na Marilla anakataa: Marilla tu, basi. Mtafsiri wa Kiswahili atashikwa na mshawasha wa kuweka "Bibi" au "Shangazi" kwa adabu, maana mtoto wa miaka 11 kumwita mzee jina lake kavu kunaumiza sikio. Usiweke. Anne mwenyewe anasema inasikika kama utovu wa adabu, na Marilla anamjibu kwamba adabu iko katika namna ya kusema. Matini imeshakufanyia kazi. Kiswahili kinaipa tukio hili uzito kuliko asili yake, kwa hiyo likae kama lilivyo.

Kuna msamiati ambao Anne anaurudiarudia. Rafiki wa moyoni anayemtafuta tuna maneno yake tayari: awe shoga yake, wawe chanda na pete. Lakini wale anaowaita "kindred spirits" ni wagumu. "Ndugu wa kiroho" itampeleka msomaji kanisani moja kwa moja. "Watu wa roho moja" inakaribia, na inastahimili kurudiwa mara ishirini, jambo ambalo ndilo jaribio halisi. "Anne yenye e": kwetu hiyo "e" inatamkwa, wakati kwa Kiingereza ni ya kuonekana tu, na ndicho Anne anachokipenda, jinsi jina linavyoonekana likiandikwa. Acha "Anne", usiandike "Ana", na mwache aseme "yenye e mwishoni" bila maelezo. Keki iliyotiwa dawa ya kuchua badala ya vanila haina shida, kila jiko linaelewa.

Mfano mzuri wa mtafsiri ni Hanako Muraoka wa Japani. Alipewa kitabu na mmisionari wa Kanada mwaka 1939, akakitafsiri miaka ya vita wakati Kiingereza kilikuwa lugha ya adui, kikatoka 1952 kikiitwa Akage no An, yaani Anne wa nywele nyekundu. Aliacha jina la nyumba, ambalo lisingemwambia Mjapani kitu, akachukua nywele. Wewe pia amua mapema: Green Gables ibaki hivyo, au iwe nyumba ya paa la kijani? Kilicho kijani si paa lenyewe, ni zile pembe tatu za kuta chini ya paa. Sisi tungeliacha jina.

SWALI: Kati ya Anne za televisheni, ipi bora, ya 1985 au ile ya Netflix? (Watatu mmeuliza)

JIBU: Ya 1985, ya Kevin Sullivan, Megan Follows akiwa Anne, kwa anayetaka kitabu. Anne with an E (2017 hadi 2019) ni kazi nyingine inayotumia wahusika walewale, nzito na yenye visa visivyomo riwayani, kwa hiyo mwanafunzi mwenye mtihani asiitegemee. Inayofuata kitabu kwa karibu kuliko zote ni katuni ya Kijapani ya 1979 ya Isao Takahata, sehemu 50, yenye subira ya kumwachia Anne aongee.

SWALI: Ni kweli alijiua? Nauliza kwa heshima. (Msomaji wa muda mrefu)

JIBU: Tunajibu kwa heshima hiyohiyo. Alikutwa amefariki kitandani, nyumbani kwake Toronto, na cheti kilitaja moyo. Mwaka 2008 mjukuu wake, Kate Macdonald Butler, aliandika katika gazeti la The Globe and Mail kwamba familia imeamini siku zote kuwa alijitoa uhai, akilitaja hilo ili watu wazungumze wazi kuhusu sonona. Karatasi iliyokutwa kando yake imesomwa kama barua ya kuaga. Mwandishi wa wasifu wake, Mary Henley Rubio, anaona kwamba pia inaweza kuwa ukurasa wa mwisho wa shajara, kwa kuwa ina namba ya ukurasa, 176.

Hali yake ya miaka ile haina utata. Mume wake alisumbuliwa tangu 1919 na ugonjwa wa akili uliomshawishi kwamba amelaaniwa milele, na Maud alilificha hilo kwa waumini miaka na miaka. Alikuwa amempoteza mtoto mchanga, Hugh, mwaka 1914, na Vita Kuu ya pili ilimrudishia hofu za ile ya kwanza. Yote hayo yamo kwenye shajara, ambazo alizinakili upya kwa mkono kuanzia 1919 na kumwachia mwanawe Stuart zichapishwe baadaye. Chuo Kikuu cha Guelph kilizipokea 1981. Anayezisoma akumbuke kwamba ni nakala iliyopitiwa na mwandishi stadi aliyejua kuwa tutaisoma.

SWALI: Nina safari ya Kanada. Kisiwani nione nini? (Msafiri)

JIBU: Nenda kiangazi, kwani sehemu nyingi za Montgomery hufungwa majira ya baridi. Ukiingia kwa gari kupitia Daraja la Confederation, kilomita 12.9, ushuru hulipwa unapotoka, si unapoingia.

Nyumba inayoitwa Green Gables, Cavendish, ndani ya hifadhi ya taifa, ilikuwa ya David na Margaret Macneill, kaka na dada, jamaa wa babu yake. Maud hakuishi humo. Alikoishi na kuandikia Anne ni umbali wa kutembea kwa miguu kupitia msitu, na kumebaki msingi wa mawe tu, kwa sababu nyumba ilibomolewa. Wengi huikosa sehemu hii kwa kudhani wameshaiona. Kaburi lake na la Ewan liko hapo Cavendish. Kwa gari, ongeza alikozaliwa, New London, na Park Corner, nyumba ya akina Campbell alikofungia ndoa, ambako bwawa lake ndilo mwandishi alilolitaja kuwa asili ya Ziwa la Maji Yang'aayo la riwayani. Usitafute Avonlea, kijiji cha kubuni anakoishi Anne, kwenye ramani. Charlottetown ipo, kwa jina lilelile kama kitabuni.

SWALI: Nimemaliza vyote vya Anne. Nifuate kipi? (Msichana wa miaka 13)

JIBU: Emily of New Moon (1923), binti, na viwili vinavyoifuata. Emily anaandika, anakataliwa na wahariri, na anajibizana na wakubwa kwa ukali ambao Anne hana. Hicho ndicho kilicho karibu zaidi na maisha ya Maud mwenyewe. Ukikua kidogo, The Blue Castle (1926), riwaya yake pekee ambayo haikanyagi kisiwani hata kidogo. Aliipata kutokana na likizo ya 1922 huko Bala, Ontario. Kilmeny of the Orchard unaweza kuiruka.